Jumba la Mazoezi la New Ulm

Mkulima aamkaye alfajiri, akashika jembe lake mpaka jua la utosi, kisha akateka maji na kupasua kuni kabla giza halijaingia, ana haja gani tena ya mazoezi ya viungo? Swali hili, msomaji, si geni. Wazee wengi wa mashambani wameliuliza walipowaona watoto wao wakirukaruka na kunyosha mikono katika kiwanja cha shule, na huenda hata wewe umeliuliza moyoni mwako wakati wa drili, hasa siku uliyokuwa umechoka. Ni swali la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa haki. Jibu nitakalokupa halitoki katika vitabu vya afya, bali latoka katika historia ya mji mmoja mdogo wa wakulima, ulio mbali sana na kwetu. Mji huo huitwa New Ulm, nao uko katika jimbo la Minnesota, Marekani, mahali ambapo mto Cottonwood huingia katika mto Minnesota.

Watu walioujenga mji wa New Ulm walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Walifika huko katikati ya karne ya 19, wakakuta nyika pana, majira ya baridi kali ajabu, na kazi isiyokwisha. Hata hivyo, katika miaka yao ya mwanzo kabisa, wakati nyumba nyingi zilikuwa bado vibanda vya magogo, walikwisha kuunda chama cha mazoezi ya mwili na kukijengea jumba lake. Kwa nini watu maskini, wenye kazi nyingi namna ile, walitumia mbao zao na nguvu zao kwa jambo kama hilo? Ili tupate kulielewa, hatuna budi kurudi nyuma kidogo, tuvuke bahari mpaka Ujerumani.

Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon, mfalme wa Wafaransa, yaliishinda nchi ya Prussia, na watu wake wakaona aibu kubwa. Alikuwako mwalimu mmoja aitwaye Friedrich Ludwig Jahn, aliyezaliwa mwaka 1778. Huyu alifikiri kwamba taifa lililoshindwa laweza kuinuka tena ikiwa vijana wake watakuwa na miili yenye nguvu na mioyo yenye umoja. Mwaka 1811 alifungua kiwanja cha mazoezi mahali paitwapo Hasenheide, karibu na mji wa Berlin. Hapo alisimamisha milingoti ya kukwea, kamba, ngazi, mwamba wa kuning'inia, na miti miwili iliyolazwa sambamba ambayo mtu huishika kwa mikono akajiinua. Ukiingia leo katika jumba lolote kubwa la mazoezi duniani, utaviona vyombo hivyo vingali vinatumika.

Mazoezi hayo Jahn aliyaita kwa neno la Kijerumani turnen, na wafuasi wake wakajulikana kwa jina la Turner. Aliwaagiza wote wavae nguo za kitani kisichotiwa rangi, tajiri na maskini sawasawa, na waitane kwa neno la kindugu badala ya lile la heshima ambalo mtu wa chini hulitumia anaposema na mkubwa. Katika nchi yenye wafalme na watu wa daraja nyingi, jambo hilo halikuwa dogo. Lakini yafaa pia tuseme ukweli wote. Jahn aliipenda nchi yake kwa namna iliyochanganyika na chuki juu ya wageni, tena mawazo yake hayo yaliwafuata baadhi ya wanafunzi wake. Likumbuke jambo hili, msomaji, kwa maana tutalirudia.

Wenye serikali walianza kuingiwa na hofu. Vijana wanaokutana kila juma, wanaofanya mazoezi pamoja na kuitana ndugu, waweza kesho kudai haki zao pamoja. Mwaka 1819 Jahn alikamatwa, na mwaka 1820 mazoezi ya Turner yakapigwa marufuku katika Prussia. Marufuku hiyo ilidumu mpaka mwaka 1842. Ilipoondolewa, vyama vya Turner vilienea upesi, na vingi vyao sasa vilikuwa na watu waliotaka bunge, uhuru wa kusema na umoja wa Ujerumani. Mwaka 1848 mapinduzi yalipozuka katika nchi za Ulaya, Turner wengi walishika silaha. Katika Baden, mwanasheria Friedrich Hecker aliongoza maasi, akashindwa, akakimbilia Uswisi kisha Marekani. Mwaka uliofuata mapinduzi yote yalikuwa yamezimwa. Wengine waliuawa, wengine walifungwa, na maelfu wakapanda merikebu kwenda ng'ambo.

Basi wakimbizi hao walipofika Marekani walichukua pamoja nao mali chache sana, lakini hawakuyaacha mazoezi yao. Katika mwaka ule ule wa 1848 Hecker na wenzake walianzisha chama cha Turner katika mji wa Cincinnati. Miongoni mwa waanzilishi hao alikuwako kijana mmoja kutoka mji wa Heilbronn, aitwaye Wilhelm Pfaender. Kwa mtu aliyepoteza nchi yake, aliyezungukwa na watu wasioijua lugha yake, jumba la mazoezi lilikuwa mahali pa kusikia lugha ya nyumbani, kupata habari za kazi, kuimba, kusoma magazeti na kupata rafiki. Wahenga walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wenyeji wa Cincinnati hawakuwa wote wa mawazo hayo. Katika miaka ya 1850 kilizuka chama cha siasa kilichotaka wageni wanyimwe vyeo na wacheleweshwe kupata uraia. Katika uchaguzi wa Aprili 1855 mjini humo, ghasia ziliibuka kati ya watu wa chama hicho na Wajerumani, hata Wajerumani wakaziba njia za mtaa wao ili kujilinda.

Hapo ndipo Pfaender alipotoa shauri kwamba Turner watafute ardhi magharibi, wajenge mji wao wenyewe, ambapo mfanyakazi maskini ataweza kupata shamba na watoto wake kulelewa kwa amani. Shauri lake lilipokewa kwa furaha. Wakati huo huo Wajerumani wengine kutoka Chicago walikuwa wamekwisha kufika kando ya mto Minnesota mwaka 1854, wakachagua mahali pa kukaa na kupaita New Ulm, kwa kukumbuka mji wa Ulm wa kwao. Lakini fedha ziliwapungukia. Mwaka 1856 watu wa Cincinnati waliungana nao, na mji ukaanza kukua. Mwaka huo huo chama cha Turner cha New Ulm kikaundwa, na baada ya muda mfupi jumba lake likajengwa.

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Watu hawa walikata miti, walivunja ardhi ngumu kwa plau, walibeba magunia, na wakati wa theluji walitembea maili nyingi kwa miguu. Misuli yao haikukosa kazi. Je, jumba la mazoezi liliwapa nini ambacho shamba halikuwapa?

Jibu la kwanza lahusu mwili wenyewe. Kazi ya shamba huutumia mwili upande mmoja tu. Mchimbaji huinama, na mbebaji hulemewa bega lile lile kila siku. Kazi humtia mtu nguvu, lakini humpinda pia. Mazoezi yaliyopangwa vizuri hunyosha kile ambacho kazi imekikunja. Huupa mwili wepesi, uwiano na pumzi. Katika chuo cha ualimu nifundishamo, huwaambia wanafunzi wangu kwamba mti uliopandwa mahali penye upepo wa upande mmoja huwa na nguvu, lakini hukua umeinama.

Jibu la pili ni kubwa zaidi. Shambani mtu hufanya kazi peke yake au na jamaa yake. Nyumba za nyikani zilikuwa mbali mbali, na upweke uliwaumiza watu kama ugonjwa, hasa katika miezi ya baridi. Jumba liliwakusanya. Palikuwa na siku maalum za kukutana, na palikuwa na kiongozi aliyejua kazi yake. Fundi viatu na mwenye duka walisimama mstari mmoja na mkulima, wote wakafuata hesabu moja. Mtu aliyekuwa akiruka juu ya farasi wa mti alishikwa na mwenzake asianguke. Tena mazoezi hayakuwa peke yake. Vyama vya Turner vilikuwa na vitabu vya kusoma, nyimbo, michezo ya kuigiza, na mijadala juu ya mambo ya nchi. Aliyekuja kwa ajili ya mchezo wa kuigiza aliona mazoezi, na aliyekuja kwa ajili ya mazoezi alikaa kusikiliza mjadala. Mwanzoni mazoezi yenyewe yalikuwa ya wanaume na wavulana tu, lakini baadaye, katika vyama vingi, wasichana na wanawake nao walipata madarasa yao.

Jibu la tatu ni kwamba jambo hili lilikuwa lao wenyewe. Hakuna afisa aliyetumwa kutoka mbali kuwaamuru waruke. Hakuna aliyewahesabu ili apeleke taarifa mahali. Walijenga jumba kwa mikono yao na kulitunza kwa michango yao. Mara nyingi, msomaji, tumeona mambo mazuri yakiletwa kijijini kwa amri, yakafanywa kwa bidii siku mgeni rasmi anapokuja, kisha yakafa mavumbi ya gari lake yanapotulia. Mambo ya New Ulm hayakufa namna hiyo, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa ndani ya watu.

Kama ningeishia hapa, ningekuwa nimekupa hadithi nzuri, lakini nisingekuwa nimekupa historia. Historia yataka tuulize swali jingine: nyika ile ambamo jumba lilijengwa ilikuwa ya nani?

Ilikuwa nchi ya Wadakota. Mwaka 1851, kwa mikataba iliyofanywa chini ya shinikizo kubwa, Wadakota walitoa zaidi ya ekari milioni 20 kwa serikali ya Marekani, wakaachiwa ukanda mwembamba kando ya mto Minnesota. Mwaka 1858 walipoteza nusu ya ukanda huo, yaani upande wote wa kaskazini ya mto. New Ulm ulikuwa karibu sana na mpaka wa eneo walilosaliwa nalo. Badala ya nchi yao waliahidiwa kulipwa fedha na vyakula kila mwaka, lakini sehemu kubwa iliingia mikononi mwa wafanya biashara waliodai madeni. Katika kiangazi cha mwaka 1862 malipo yalichelewa, mavuno ya mwaka uliotangulia yalikuwa mabaya, na watu wakashikwa na njaa huku ghala za serikali zikiwa na chakula. Mwezi wa Agosti vita vikazuka. Wapiganaji wakiongozwa na Taoyateduta, ambaye Wazungu walimwita Little Crow, walishambulia vituo na mashamba ya walowezi, na mamia ya walowezi wakauawa, wake kwa waume na watoto.

Mji wa New Ulm ulishambuliwa mara mbili, tarehe 19 na tarehe 23 Agosti. Watu walijifungia katikati ya mji nyuma ya mapipa na magari, huku nyumba zilizowazunguka zikiteketea. Jumba la Turner nalo likaungua. Tarehe 25 Agosti karibu watu 2,000, wakiwamo waliojeruhiwa, waliuacha mji wakaenda Mankato kwa msafara mrefu wa magari ya farasi na ng'ombe. Wale waliokuwa wamekimbia Ulaya kutafuta amani wakawa wakimbizi mara ya pili.

Lakini Wadakota ndio walioteseka zaidi. Baada ya vita kwisha, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo wanaume zaidi ya 300, kesi nyingine zikimalizika kwa dakika chache tu. Mwezi wa Novemba wafungwa hao, wakiwa wamefungwa minyororo magarini, walipitishwa karibu na New Ulm, na wakazi wa mji, waliokuwa wakiwazika wafu wao upya, waliwavamia kwa mawe na marungu. Rais Abraham Lincoln alipunguza idadi ya watakaonyongwa, hata hivyo tarehe 26 Desemba 1862 Wadakota 38 walinyongwa Mankato siku moja. Wanawake, watoto na wazee, yapata watu 1,600, walifungwa kambini karibu na Fort Snelling majira yote ya baridi, wengi wakafa kwa maradhi. Mwaka 1863 Wadakota walifukuzwa katika jimbo zima la Minnesota.

Yatazame maneno haya pamoja na yale ya kwanza, msomaji. Ndani ya jumba, watu waliitana ndugu. Nje ya jumba walikuwako watu wengine, wenye ardhi ile tangu kale, ambao hawakuhesabiwa katika udugu huo. Simlaumu fundi viatu maskini wa Cincinnati kwa mikataba aliyoifanya serikali. Huenda hakuijua vyema. Lakini ni kweli kwamba mikono yaweza kufunzwa kujiinua juu ya mwamba bila moyo kufunzwa kumtambua jirani. Mazoezi hutia nguvu; hayasemi nguvu hiyo itumiwe juu ya nani.

Wahamiaji walirudi, wakajenga tena. Baada ya miaka michache walikuwa na jumba jipya, na sehemu yake iliyoongezwa mwaka 1873 ingali imesimama. Pfaender, ambaye wakati mji ukishambuliwa alikuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliishi kuwa mtu mkuu katika mji na jimbo. Tangu mwaka 1876 mpaka 1880 alikuwa mweka hazina wa Minnesota. Alifariki mwaka 1905.

Wakati huo Turner wa Marekani nzima walikuwa wamefanya jambo moja la busara sana. Waliona kwamba jumba bila mwalimu ni ghala tupu. Kwa hiyo mwaka 1866 walifungua mjini New York chuo cha kufundisha walimu wa mazoezi ya mwili. Chuo hicho kilihamishwa mara kadhaa, kikakaa Milwaukee chini ya mwalimu mashuhuri George Brosius, kisha Indianapolis tangu mwaka 1907, na mwaka 1941 kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Indiana. Walimu waliotoka humo hawakubaki katika majumba ya Wajerumani tu. Turner walizishawishi halmashauri za miji zitie mazoezi katika shule za watu wote. Kansas City ulianza mwaka 1885, na Chicago ukafuata muda mfupi baadaye. Hivyo mtoto wa Kiitaliano, wa Kipolandi au wa Kiingereza, ambaye babu yake hakupata hata kulisikia jina la Jahn, akajifunza darasani kile ambacho wakimbizi walikileta merikebuni.

Tunda moja la kazi hiyo lilionekana katika mji wa St. Louis mwaka 1904, mashindano ya Olimpiki yalipofanyika humo. George Eyser, mhamiaji aliyezaliwa Ujerumani na mwanachama wa chama cha Turner cha mji huo, alishinda medali 6 kwa siku moja, 3 kati yake zikiwa za dhahabu. Naye alikuwa na mguu mmoja wa mti. Mtu huyu aliruka juu ya farasi na kukwea kamba akawapita wenye miguu miwili. Wale wasemao kwamba mazoezi ni ya waliojaliwa miili mizima tu, na wamfikirie Eyser.

Hata hivyo mlango wa mashaka ulifunguka tena. Mwaka 1917 Marekani iliingia vitani dhidi ya Ujerumani, na kila chenye jina la Kijerumani kikatazamwa kwa jicho baya. Tarehe 25 Julai mwaka huo maelfu ya watu walikusanyika New Ulm. Wasemaji waliwaambia watii sheria, lakini waiombe serikali isiwapeleke Ulaya vijana wasiotaka kupigana na jamaa za wazazi wao. Kwa ajili ya mkutano huo meya wa mji, Louis Fritsche, na mwanasheria wa mji, Albert Pfaender, mwana wa yule Wilhelm, waliondolewa katika vyeo vyao na gavana wa Minnesota. Watu waliokaa nchini miaka 60, waliozaa na kuzika humo, wakaulizwa upya kama wao ni wenyeji au wageni.

Basi tazama mzunguko wake. Waliokuwa wageni Cincinnati walichukiwa. Waliokuwa wenyeji New Ulm wakawarushia wengine mawe. Kisha wao wenyewe wakageuzwa wageni tena mahali pale pale. Ndiyo maana nasema kwamba habari ya jumba hili si habari ya misuli tu.

Twajifunza nini, sisi tulio katika shule za Kenya? Mambo manne, kwa maoni yangu. Kwanza, mazoezi yataka mahali pake, hata kama ni kiwanja kilichofyekwa tu, chenye mwamba mmoja na kamba moja. Pili, yataka mwalimu aliyefunzwa, kwa kuwa bidii isiyo na maarifa huvunja viungo. Tatu, yataka kuwa mali ya watu wenyewe, yakichanganyika na nyimbo zao, ngoma zao na mazungumzo yao, wala yasiwe amri ya mgeni. Na la nne, ambalo New Ulm ililijua nusu tu, ni kwamba yataka mlango ulio wazi kwa jirani wa nje.

Hilo la nne latugusa sana, maana nchi yetu nayo hupokea watu waliokimbia makwao. Tangu mwaka 1992 kumekuwako kambi ya wakimbizi Kakuma, katika nchi kavu ya Waturkana. Wengi wa waliofika walikuwa vijana kutoka Sudan, waliotembea kwa miguu kutoka vitani. Mwaka 2015 mwanariadha wetu Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York, alifika Kakuma na wenzake wakawajaribu vijana mbioni. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong kufundishwa. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, ilikuwako kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi yenye watu 10, na 5 kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kenya. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyeibeba bendera.

Ni jambo la kujivunia, lakini usidhani kwamba medali na bendera ndizo kipimo. Wakimbiaji 5 walikwenda Rio. Maelfu walibaki Kakuma, na kando yao Waturkana, ambao nchi ni yao tangu kale na ambao nao hukosa maji na malisho. Kipimo ni kiwanja cha kawaida siku ya kawaida. Je, mtoto wa mkimbizi na mtoto wa Mturkana hukimbia katika kiwanja kimoja? Karibu na Kakuma ulianzishwa mwaka 2016 mji wa Kalobeyei, kwa nia kwamba wakimbizi na wenyeji watumie pamoja shule na zahanati. Nia hiyo ni njema, tena ni ile hasa iliyokosekana katika nyika ya Minnesota mwaka 1862. Kuitimiza ni kazi ya miaka mingi, na walimu watahitajika.

Huenda wewe usomaye utakuwa mmoja wao. Utapelekwa katika shule ndogo ya mashambani, utakuta watoto wa makabila mawili au matatu, pengine na wachache ambao wazazi wao wamevuka mpaka juzi tu, wasiojua bado Kiswahili wala Kiingereza. Siku ya kwanza hutaweza kuwafundisha pamoja historia wala hesabu, kwa maana hawasikilizani. Lakini utaweza kuwapanga mstari mmoja, ukahesabu moja, mbili, tatu, wakainua mikono yao pamoja. Mkono hauhitaji mkalimani. Kisha umweke mtoto wa huku ashike miguu ya mtoto wa kule anapojifunza kusimama kwa mikono, asianguke; na baadaye wabadilishane.

Na mzee wa kijiji akija kukuuliza watoto wa wakulima wana haja gani ya kurukaruka, usimdharau. Mketishe kivulini, umwambie atazame nani amemshika nani.